Mwimbaji Amesimama Wapi

Kiziwi wa sikio moja, Mama, siyo mawili. Na hata angekuwa kiziwi wa yote mawili bado ningesema nilichosema, kwamba mtaa mzima huu hakuna nyumba ambayo muziki unasikika kama kwa Shangazi. Nimemwambia Mama hivyo jioni hii tukichambua mchele. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye ungo: "Haya, na sisi tukitaka kupaka nyumba rangi tumwite kipofu aje atuchagulie."

Mama akishasema kitu cha namna hiyo anajua ameshinda. Nimemaliza mchele, nimekuja chumbani kuandika. Humu hanikatizi.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa. Ni jirani yetu wa mlango unaofuata katika hizi nyumba za kiwanda, na watoto wote tumemwita hivyo tangu hatujajua kuvaa viatu. Kazaliwa mwaka gani, wa ukoo gani, aliolewa na nani, hayo sitayaandika. Wanaoyajua wanayasema vya kutosha pale bombani. Mimi nataka kuandika jinsi alivyo.

Kwanza hilo sikio. Alikuwa kwenye mashine za kufuma nguo, na ile yenye kelele kuliko zote ilikuwa kushoto kwake. Sikio la kushoto likaondoka polepole. "Wala halikuniaga," anasema. Ukimwamkia upande huo, shikamoo yako inaanguka chini, halafu jioni unasikia umeshitakiwa nyumbani kwamba huna adabu. Wengi tumechapwa kwa ajili ya sikio lile. Mpaka leo nikikutana naye njiani nazunguka kwanza nije kulia kwake ndipo naamkia. Yeye anaona ni heshima kubwa, anaitika "marahaba mwanangu" kwa sauti ya kupanda na kushuka kama watu wa kwao Mkuyuni, na anakutazama mdomo mpaka umalize kusema. Anatazama sana, Shangazi. Mtu akiongea anamtazama kama anasoma kibao cha basi.

Kiwanda kilipopunguza watu, wenzake walichukua kiinua mgongo wakafanya biashara. Mmoja mashine ya kusaga, mwingine mitumba, mwingine friji la kuuzia barafu. Siku hizi za ruksa kila kitu kipo dukani, hata vitu ambavyo hujui vinatumikaje, na kila mtu ghafla ni mfanyabiashara. Shangazi alikwenda Dar akarudi na stereo. Deki, redio, na spika mbili za mbao, kila moja kubwa kama mtungi wa maji, zimefungwa kwa magodoro na kamba kama wagonjwa. Mtaa ulicheka wiki nzima. Mwenye mashine ya kusaga alimwambia mbele za watu, "Dada, hiyo itakupa unga?" Akamjibu, "Miaka yote nimesikiliza mashine. Wewe umetoka kwenye mashine ukaenda kununua nyingine. Mimi sasa nasikiliza ninachotaka."

Nampenda kwa jibu lile tu. Mimi mwenyewe majibu yangu mazuri huwa yananijia kesho yake.

Sasa habari ya vitambaa, maana ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Mama anafuma. Hakuna kochi, meza wala redio mtaa huu ambayo haina kitambaa cha Mama. Jirani akipata kitu kipya, Mama anakaa mlango wa nyuma na sindano yake na uzi mweupe, na baada ya siku kadhaa anakipeleka kimefungwa kwenye gazeti. Ndiyo pongezi yake. Wengine wanaleta kuku. Stereo ya Shangazi ilipofika, Mama alifuma seti nzima: viwili virefu vya kufunika spika mbele na juu, vyenye maua na pindo la mawimbi, na kimoja cha deki kilichobaki kumalizia. Alivyopeleka vile viwili, Shangazi alifurahi, akavivisha spika, wakanywa chai.

Mama aliporudi na cha deki akazikuta spika ziko uchi. Akasimama mlangoni na gazeti lake mkononi. Shangazi badala ya kusema neno la kupooza, akasema, "Vile niliviondoa. Vinawaziba watu pua."

Watu, maana yake waimbaji.

Mama akageuka na kitambaa chake. Hajaingia tena nyumba ile. Salamu wanapeana, msiba wakikutana wanakaa mkeka mmoja, lakini kuingia ndani, hapana. Na kwetu spika za Baba ziko ndani ya kabati la vioo, moja juu ya nyingine, zimefunikwa mara mbili, na juu yake kuna maua ya plastiki. Habari ya saa mbili inasikika kama msomaji yuko ndani ya gunia. Nikisema, naambiwa nina kiburi cha form four.

Kitu ambacho Mama hataki kukisikia ni kwamba vile vitambaa havikutupwa. Sebule ya Shangazi ni kama yetu: sakafu ya simenti, kuta tupu, bati juu. Ukipiga makofi yanakurudia. Muziki nao ulikuwa unagonga ukuta wa nyuma na kurudi, neno la kwanza la mwimbaji linakutana na la pili njiani. Shangazi akatafuta dawa. Akachukua blanketi lake zito la baridi, akavishona vitambaa vya Mama juu yake, mshono mdogo mdogo wa mtu wa kiwandani, akalitundika ukuta mzima unaotazamana na spika. Sauti ikatulia. Alisema kitambaa mbele ya spika kinakula sauti ya mtu, kikiwa kule nyuma kinakula makelele tu.

Nilikuja mbio kumwambia Mama. Akasema, "Umeona wapi kitambaa kikatundikwa ukutani kama ngozi ya mbuzi?" Nikasema lakini kinafanya kazi. Akasema, "Mimi sikukifuma kifanye kazi. Nilikifuma kipendeze."

 

Kwa Shangazi kuna kiti. Ni kiti cha mbao cha mikono, cha zamani, mto wake umeshalala, na hakisogezwi. Alikipatia mahali siku niliyomsomea kile kitabu cha maelekezo kilichokuja na stereo. Nilikuwa form two, Kiingereza changu cha kubabaisha, lakini kulikuwa na picha: spika mbili mbele na mtu mmoja amekaa, na mistari inayowaunganisha. Shangazi akaitazama, akacheka. "Si mafiga haya? Matatu, yanatazamana. Figa moja likikaa vibaya chungu kinapinduka." Tukaanza kusukuma. Spika zikatoka kwenye kona, maana kona zilikuwa zinavimbisha besi mpaka vyombo vinalia kabatini. Zikapandishwa kwenye stuli, zikageuzwa kidogo kukitazama kiti. Alinikalisha, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mwimbaji amesimama wapi?"

Sikumwelewa. Akarudisha kanda nyuma. "Sikia. Funga mdomo usikie. Amesimama wapi?"

Na kweli, baada ya muda, niliona ajabu. Sauti haikutoka kwenye spika ya kulia wala ya kushoto. Mtu alikuwa amesimama katikati, hewani, mbele ya pazia, palipokuwa hapana kitu. Gitaa huku, tarumbeta kule, yeye katikati. Nilinyoosha kidole.

"Ehe," Shangazi akasema. "Mkaribishe."

Toka siku hiyo kila mgeni anakalishwa kwenye kile kiti kabla hajapewa hata maji. Padri amekalishwa. Sheikh wa mtaa wa pili amekalishwa. Yule mwenye mashine ya kusaga alikalishwa akiwa na unga kwenye kope, akasikiliza dansi ya zamani ya mji huu, akaomba irudiwe. Kina mama wanaoshuka na mboga kutoka mlimani wanatua makapu mlangoni, mmoja anakaa wengine wanangoja zamu. Swali ni lile lile. Mimi nimeona watu wakubwa wamekaa pale wameshika mikono ya kiti kama wako kwa daktari wa meno.

Msidhani alikuwa anapatia kila kitu. Alishawahi kuharibu vibaya. Vijana walimwambia spika ikiwekwa kwenye mtungi wa udongo besi inakuwa nene, ndivyo wanavyofanya kwenye vyumba vyao vya gheto. Akaagiza mtungi mkubwa kwao, akatumbukiza spika ndogo ya redio ya zamani. Nikaitwa kusikiliza.

"Sema."

"Shangazi, ni kama mtu anaimba yuko chooni."

Alinikasirikia siku mbili. Halafu mtungi ukawa wa maji, na maji yake ni matamu.

Kuna lingine kubwa zaidi. Aliwahi kutoa nyaya kupaka chokaa ukuta, akazirudisha mwenyewe. Spika moja akachanganya, waya mwekundu kwa mweusi. Mwenyewe hakugundua. Wageni wakaja, wakakaa, akawauliza amesimama wapi, wakasema katikati, Shangazi, katikati kabisa. Wote. Mwalimu mkuu alisema katikati. Nilipotoka shule likizo nikakaa, nikasikiliza, nikaona hakuna mtu. Besi imekauka, sauti iko kila mahali na haiko popote, kama moshi.

"Amesimama wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Hayupo tu, Shangazi. Ameondoka."

Alinitazama usoni. Tukamwita fundi wa redio wa sokoni, akaja na bisibisi yake, akacheka, akageuza nyaya za spika moja. Mwimbaji akarudi mahali pake. Shangazi hakucheka. Aliuma midomo akasema, "Watu wa mtaa huu wana adabu mno. Wangeniacha hivi hivi mpaka nizikwe." Tangu hapo ndipo aliponifanya mtu wake. Mama ananiambia kila siku mdomo wangu utaniponza, kwa Shangazi mdomo huo huo ndio cheo.

Nyumba yake haina sauti kubwa. Watu wanashangaa. Mtu ana spika kama zile halafu hapigi mpaka Kingolwira wakasikia? Waliomba stereo kwa ajili ya harusi, akakataa. Waliomba ya kipaimara, akakataa. Walipomwita mchoyo alisema, "Mkitaka kelele nendeni kiwandani, bado mashine moja inafanya kazi." Mwezi wa Ramadhani anapunguza zaidi na yeye ni Mkatoliki. Lakini ukikohoa katikati ya wimbo anakufukuza. Anahubiri uvumilivu, na mwenyewe hana hata kidogo. Kanda ikimkwama anaipiga kwenye goti kama samaki mkavu. Anasikiliza kila kitu, kwaya, dansi, taarabu, hata hao vijana wa kuongea haraka haraka, anasema wao nao wacha wasimame waseme. Ila kuvuka hatua chache kuja mlangoni kwetu aseme "jirani, nilikosea kusema," hilo limemshinda. Nimemwuliza. Kasema, "Sikumkosea. Nilivipa kazi." Wamefanana hao wawili kuliko wanavyojua.

Siku yake ni Jumamosi asubuhi. Jioni umeme unakuwa dhaifu, kila mtu kawasha pasi na jiko, anasema waimbaji wanaimba kama hawajala. Asubuhi, kabla ukungu haujapanda mlimani, umeme una nguvu na mtaa bado haujaamka vizuri. Anafungua dirisha, anaweka kanda. Na hapa naandika kitu ambacho Mama angenichapa kwa ungo akikisoma: Jumamosi asubuhi Mama anatoa stuli yake na kufuma mlango wa nyuma, upande wa kwa Shangazi. Siku nyingine zote anafumia mbele. Nikimwuliza anasema upande ule kuna mwanga mzuri. Upande ule asubuhi ni kivuli kitupu.

Leo mchana nimekwenda. Tunajua wote kwamba nyumba hizi zimeuzwa pamoja na kiwanda na kila mtu atahama kwa wakati wake. Sisi Baba amepata kiwanja Kihonda. Wa Shangazi umefika kwanza. Nimekuta masanduku mlangoni. Anarudi Mkuyuni kwa dada yake, na kule umeme haujafika. Stereo anampa mpwa wake wa Turiani. Gari la mpwa linakuja kesho mchana.

"Shikamoo, Shangazi." Upande wa kulia.

"Marahaba. Usilie, una kazi. Nishikie huku."

Tukashusha blanketi ukutani. Akaweka kanda ili nisikie chumba kikiwa kitupu. Jamani. Mwimbaji alivunjika vipande, mguu huku kichwa kule, na bati likaimba naye. Sikuvumilia. Nikamwambia tulirudishe, japo ni kwa usiku mmoja. Tukalitundika tena, nikakaa, akasimama mbele yangu kama siku zote, mikono kiunoni.

"Amesimama wapi?"

"Katikati. Karibu na pazia. Nadhani leo amevaa suti."

Akatabasamu. Halafu akavuta sanduku akalikalia, akasema kama mtu anayesema bei ya nyanya, "Mimi sijawahi kumsikia hapo."

Nikasema, "Wapi?"

"Hapo katikati. Hiyo ni kazi ya masikio mawili, mwanangu. Mimi nikikaa kwenye hicho kiti wote wamebanana kulia kama abiria."

Nilijua na sikujua. Miaka yote hii! Nikamwuliza sasa alijuaje stuli ziwe wapi, kiti kiwe wapi, blanketi liwe wapi.

"Nilikuwa nawatazama ninyi. Mtu akimpata, macho yanaacha kutafuta. Uso unashuka, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango uko wazi. Ikiwa bado, nasogeza. Wale waongo wa adabu walinidanganya kwa mdomo, na mimi mjinga siku zile nikasikiliza mdomo." Akapangusa vumbi juu ya spika kwa kanga. "Huo ndio muziki wangu. Nyuso. Nimeziona za mtaa mzima kwenye kiti hicho. Ya mama yako tu ndiyo bado."

Nikageuka kutazama ukuta wa nyuma. Maua ya Mama yote yako pale, na pindo la mawimbi, meupe bado.

"Vitambaa vyake nitamrudishia," akasema. "Kesho asubuhi nitavibandua, unipelekee." Akanyoosha kidole mezani. Wembe. Wembe wa kawaida wa dukani, karatasi yake pembeni.

"Shangazi, siyo kwa wembe! Ukikata uzi mmoja wa Mama ua zima linafumuka."

"Sasa nibandue kwa meno?"

Namfahamu Mama. Mwaka juzi nilikata uzi wa mto kwa mkasi badala ya kufumua kwa sindano, nikasikia habari zake mpaka Pasaka. Mama anaweza kukaa nje ya nyumba ya mtu miaka kwa ajili ya kitambaa. Lakini hawezi kukaa na chai yake huku wembe unatembea juu ya kazi yake.

Nimemwomba Shangazi asiguse blanketi mpaka nifike, na aache kanda ya dansi kwenye deki. Kaniuliza kwa nini. Nimemwambia umeme wa asubuhi ni mzuri. Kanitazama mdomo, halafu macho, na nadhani ameelewa, maana alikwenda akakipangusa kiti, pamoja na mikono yake, na hakuna mtu anayepangusa kiti kinachopakiwa kesho.

Ndiyo maana jioni hii nilianza kumsifia Mama ule muziki, nikaambulia kipofu na rangi. Nilikosea mlango. Mama hachukuliwi kwa sifa.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kikombe kikiwa bado mkononi mwake, nitamwambia hivi tu: "Mama, Shangazi anahama leo, anataka kuvibandua vitambaa vyako ukutani, na mezani kuna wembe." Si uongo, nimeuona kwa macho yangu. Sitaongeza neno. Nitamchukulia sindano yake ya kufumulia, nitatangulia mbio nibonyeze deki, nisimame kando ya kiti, kulia kwa Shangazi, tumtazame wote wawili akiingia.